Sangria ya Maua na Mtamba wa Laetitia

Mtu anayenunua bilauri hamsini zenye shingo ndefu, kisha akauliza kama duka lina divai nyeupe, ni mtu mwenye sherehe. Akiuliza kwa sauti inayofika ng'ambo ya barabara, ni mtu mwenye majivuno pia. Zéphyrin alikuwa ameketi mbele ya duka hilo, pale Masisi katikati, akinywa chai ambayo hakuwa ameamua bado nani atailipia. Alisikia sherehe, akasikia majivuno, akaweka kikombe chini.

Huyu Zéphyrin alikuwa mtu wa mjini, mrefu, mwenye kucha safi na maneno laini. Miezi michache nyuma alikuwa Walikale, ambako aliwauzia wachimbaji wa dhahabu maji ya kunawia macho ili waone madini hata kwenye tope. Aliondoka Walikale kwa haraka, kwa sababu wachimbaji walikuwa wameanza kuona vizuri, na walichokiona ni yeye. Alikimbilia Goma, akapata kazi ya kuhudumia vinywaji katika bustani ya shirika moja la wageni. Huko nako hakukaa. Aliondoka na ujuzi wa kinywaji kimoja, koti jeupe moja, majagi manane ya kioo na chupa kumi na mbili za divai. Katika mali hiyo yote, ujuzi peke yake ndio aliopewa kwa hiari.

"Papa," akasema akisimama kwa heshima, "munisamehe kuingia mu mazungumuzo ya batu bakubwa. Mulisema vin blanc?"

"Nilisema," akajibu mnunuzi wa bilauri.

"Ya kunywa hivi hivi?"

"Kuko namna ingine ya kunywa?"

Zéphyrin akamtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja. "Papa, ku Goma sasa muntu mukubwa hanywishake bageni vin ya hivi hivi. Anabanywisha sangria. Sangria ya maua. Ni kinywaji ya printemps."

"Printemps ni mwezi gani?"

"Ni wakati ya maua kule Ulaya, Papa. Huku kwetu haiko. Njo maana iko bei."

Mzee huyo aliitwa Sebahire, mfugaji wa kilima cha Kingi. Alikuwa na ng'ombe arobaini akiwa anahadithia, na ishirini na wawili akiwa anawahesabu. Jumamosi hiyo alitarajia wakwe kutoka Bweremana, wafanyabiashara wa samaki, waliokuwa wanakuja kutoa mahari ya binti yake Laetitia. Walikuwa wamekubaliana ng'ombe sita. Sebahire alikuwa amelala juu ya sita hiyo wiki nzima, na kila alipogeuka kitandani aliiona nane.

"Hiyo sangria," akauliza polepole, "inafanyaka nini?"

"Inafungua mukono," akasema Zéphyrin. "Nilimuona na macho yangu mukubwa mumoja wa shirika, muntu mwenye hata paka hajaipatiaka mufupa. Alikunywa bilauri mbili, akasaini pompe ya maji kwa bijiji bitatu. Ya tatu tulimukataza, juu angesaini na gari."

Sebahire aliiweka chini bilauri aliyoishika. Tamaa ina sauti yake, na Zéphyrin alikuwa ameisikia katika miji mingi.

"Unaomba franga ngapi?"

"Franga? Papa, franga zinaniletea haya. Miye niko fundi, siko muchuuzi. Munipatie tu kang'ombe kamoja, ka jike, kenye hakajazaa. Ni kwa urafiki."

Sebahire alipiga hesabu. Kang'ombe kamoja kuondoka, makubwa mawili kuingia. Hata shule ya msingi haikuhitajika kwa hesabu hiyo, na kwa kweli haikutumika. Wakapeana mikono. Chai ya Zéphyrin ililipiwa na Sebahire.

* * *

Kulikuwa na tatizo dogo. Mitamba wengine wa Sebahire walikuwa wameahidiwa watu, na wa pekee aliyebaki aliitwa Gaju, na Gaju hakuwa wa Sebahire. Alikuwa wa Laetitia. Mama yake Gaju alikufa siku ya kumzaa, na Laetitia ndiye aliyemnywesha ndama yule kwa chupa, usiku na mchana, mpaka akasimama. Kilima kizima kilijua kwamba Gaju ataondoka na Laetitia siku ya harusi, kwa sababu msichana hapelekwi kwa mume mikono mitupu. Tena Laetitia, aliyekuwa akitengeneza jibini na mama yake tangu utoto, alikuwa na mpango. Bweremana wana samaki wa kila namna, lakini hawana jibini. Kwa ng'ombe mmoja angeanza. Bila ng'ombe angekuwa mke wa muuza samaki, akinuka samaki, akisubiri hela ya chumvi kutoka kwa mumewe.

"Papa, Gaju ni yangu," akasema aliposikia.

"Nitakupatia ingine. Bakileta munane, utachagua mwenyewe."

"Na bakileta sita?"

"Batakunywa," akasema Sebahire, na kwake jibu lilikuwa limekamilika.

Mama Thacienne, mke wake, alipopata habari aliacha kusema naye kabisa. Sebahire alichukulia kwamba amekubali.

Laetitia hakulia. Alikwenda jikoni, ambako bibi yake Mukandayisenga, ambaye kilima kizima kilimwita Tate, alikuwa anachambua maharagi. Tate alikuwa mzee kuliko barabara ya Masisi, na tofauti na barabara, hakuwa na shimo hata moja kichwani.

"Papa amemupatia muntu wa Goma Gaju wangu," akasema Laetitia.

Tate aliondoa jiwe moja katika maharagi, akalitazama, akalitupa.

"Amemupatia kama malipo ao kama zawadi?"

"Malipo."

"Malipo inatembeaka," akasema Tate. "Zawadi haitembeake."

Laetitia akaketi chini karibu naye. Wakachambua maharagi pamoja.

"Basi," akasema Laetitia mwishowe, "isikuwe malipo."

* * *

Ijumaa asubuhi Zéphyrin alifika na koti lake jeupe, akaomba meza, kisu kikali na heshima. Kisha akaomba mananasi manne, maracuja, yaani pasheni, ndoo nzima, matunda mekundu ya mlimani yaitwayo prunes, malimau, mchaichai na asali. Vyote vilitoka katika shamba la Sebahire na kwa majirani zake. Yeye mwenyewe alitoa chupa nane za divai, akazipanga mezani kama mapadri. Nne zilizobaki alizificha ndani ya mfuko wake, maana mtu hajui kesho.

Mwishowe akatoa kwa vidole viwili chupa ndogo iliyowahi kubeba dawa ya kikohozi.

"Hii njo roho ya kinywaji," akasema. "Maji ya maua ya Ulaya. Tone moja, bei yake ni mbuzi."

Laetitia alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma, akitazama kila kitu, hata mfuko ule, kama mwanafunzi wa mstari wa mbele.

"Kaka Zéphyrin," akasema, "leo asubui ku bustani ya parokia rose zote zimekatwa."

"Ni mbuzi."

"Zimekatwa na makasi."

"Mbuzi za Masisi ziko na akili," akasema Zéphyrin bila kuinua macho.

Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli: mtu huyu alijua kazi yake. Alimwaga petali za waridi ndani ya bakuli, akazimiminia maji ya moto yasiyochemka, kwa sababu, alieleza, maji yanayochemka yanaliua ua na kuacha uchungu tu. Akafunika. Akangoja. Akachuja, akatia asali maji yakiwa bado na joto ili iyeyuke yenyewe. Mananasi aliyakata membamba kiasi cha kuonyesha mwanga, malimau vilevile na maganda yake, maracuja akazikamua na kuacha mbegu chache kwa uzuri. Mchaichai aliupiga kwa mgongo wa kisu mpaka nyumba nzima ikanukia. Divai iliingia mwisho kabisa, polepole, kupitia ukingo wa chombo.

"Sasa inapaswa kulala mu baridi mupaka kesho," akasema. "Matunda yakunywe vin, na vin ikunywe matunda. Maji ya gesi tunatia ku saa ya kunywa tu, isipoteze roho. Halafu maua mabichi juu. Iko wapi bidon za maziwa? Naona muko na mbili kubwa."

"Bidon ya maziwa haiingiake pombe," ilisema sauti ya Tate kutoka jikoni.

"Mama, nitazisafisha vizuri sana."

"Hata wewe ulisafishwa, na bado hauingie mu maziwa."

Zikaletwa ndoo mbili mpya zenye vifuniko, ili zikazamishwe katika chemchemi iliyo nyuma ya nyumba, ambayo maji yake huuma meno hata mchana wa kiangazi. Kabla hazijafungwa, Zéphyrin alizitazama akaona jambo la kusikitisha. Chupa nane hazikutosha watu hamsini. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kufungua zile chupa nne za mfukoni. Akachukua ya pili. Akatoa kidumu cha kanyanga kilichonunuliwa kwa mama mmoja wa Kingi, pombe kali ya kuwashia hata taa, akagawanya nusu kwa nusu ndani ya ndoo zote mbili.

"Na hiyo ni nini?" akauliza Laetitia.

"Conservateur. Juu kinywaji isioze."

"Aah," akasema Laetitia, akaenda kumwambia Tate.

* * *

Wakwe walifika Jumamosi saa nane mchana, malori mawili na pikipiki saba, wakiongozwa na Papa Byamungu, baba mkubwa wa bwana harusi Élysée. Byamungu alikuwa na kofia, fimbo, na sifa ya kutowahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa, hata hostia kanisani angeomba ipunguzwe. Wakaketi chini ya turubai. Hotuba zikaanza. Za wakwe zilikuwa ndefu, za wenyeji zikawa ndefu zaidi, kama inavyotakiwa.

Kisha Zéphyrin akatokea na koti jeupe, akibeba jagi la kwanza. Lilikuwa zuri, hatuna budi kukiri. Kinywaji kilikuwa na rangi ya jua la saa kumi na moja, vipande vya nanasi vikielea ndani, na petali za waridi juu, zikizunguka polepole. Watu wa Bweremana walinyoosha shingo. Sebahire alikunja mikono kifuani kama mtu anayekunywa kitu hicho kila Jumanne.

Zéphyrin aliinama kummiminia Byamungu. Mkono wa Tate ukainuka.

"Onja."

"Nini, Mama?"

"Mwenye kuleta kinywaji anaonjaka mbele. Huku kwetu mugeni hanywake kintu yenye haijaonjwa. Hauko wa huku?"

Hapa Zéphyrin alipata shida ya kikazi. Kanuni ya kwanza ya wajanja ni kwamba fundi hanywi akiwa kazini, na alikuwa ameishika kanuni hiyo kwa uaminifu ambao mambo mengine ya maisha yake hayakuupata. Lakini watu hamsini walikuwa wanamtazama, na mtu anayekataa kuonja alicholeta anajulikana kilimani kwa jina moja tu, nalo si zuri. Akagusisha mdomo.

"Ile ni kulamba," akasema Tate. "Onja kama muanaume."

Akanywa nusu bilauri. Watu wakapumua. Akarudi na jagi la pili.

"Onja."

"Mama, nimeonja sasa hivi!"

"Ulionja ile. Hii nayo ulionja?"

"Mama ana haki," akasema Byamungu, akigonga fimbo chini. "Siye bakwe tunapenda desturi. Kila jagi na kuonja yake."

Majagi yalikuwa manane. Alipofika la tatu, Zéphyrin alianza kuona kwamba watu wa Kingi ni watu wema sana. Alipofika la tano, aliwapenda mmoja mmoja. Alipofika la nane, alikuwa anatamani mama yake angekuwa hai aje awaone.

Wakwe nao hawakubaki nyuma. Byamungu alimaliza bilauri ya kwanza kimya, akaitazama.

"Hii ni nini?"

"Sangria ya maua, Papa."

"Iko na pombe?"

"Iko na printemps."

"Basi mutie ingine ya ile printemps."

Baada ya bilauri ya tatu Byamungu alisimama, akavua kofia, jambo ambalo ndugu zake walisema hawajaliona tangu mazishi ya baba yake. Sebahire akamkanyaga mkewe mguu kwa furaha. Mkono ulikuwa unafunguka.

"Bakwe!" akaita Byamungu, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Tulikuja hapa na ng'ombe sita. Lakini sita ni hesabu ya batu benye hawajuane! Ni hesabu ya bageni! Siye na nyinyi, sasa, tuko bageni?"

"Hapana!" wakajibu wote.

"Tuko nini?"

"Ndugu!"

"Ndugu bataombana ng'ombe sita? Ni haya! Ndugu, tano inatosha!"

Makofi yalilipuka kila upande. Sebahire, aliyekuwa amemaliza bilauri nne, alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, akakumbatiana na Byamungu, wakalia pamoja. Hesabu ilimfikia kichwani Jumatatu.

Ndipo Laetitia alipopiga magoti mbele ya wazee, kitambaa chake cha bibi harusi kikiwa kimetandazwa vizuri, akaomba neno.

"Bapapa na bamama. Huyu kaka alitutengenezea kinywaji yenye hatujaonaka. Papa alimuahidi malipo, ng'ombe yangu Gaju. Lakini miye najiuliza: muntu wa hivi unamulipaka? Fundi wa choo unamulipa. Mubeba majani unamulipa. Huyu naye tutamulipa?"

"Hapana!" wakajibu watu, ambao kwa wakati ule wangejibu hapana au ndiyo kwa swali lolote lililoulizwa vizuri.

"Miye nasema apewe Gaju kama zawadi, kwa mukono yangu, mbele yenu bote. Lakini ni yeye achague. Kaka Zéphyrin, unataka malipo, ao zawadi?"

Zéphyrin aliutazama mkusanyiko. Nyuso hamsini zilimpenda. Ndani ya kichwa chake, chini kabisa, mjanja wa zamani alikuwa bado macho, na hata huyo alifurahi, kwani malipo yanaitaka karatasi ya mauzo, na karatasi inaitaka ofisi, na ofisi huuliza mtu anatoka wapi. Zawadi haina maswali. Akaweka mkono juu ya koti jeupe.

"Malipo?" akasema kwa uchungu. "Nani alitaja malipo? Miye niko muntu wa roho. Zawadi!"

Watu walishangilia. Tate ndiye aliyepiga makofi ya mwisho.

Hapa msomaji asiye wa milima hii lazima aelezwe jambo moja. Ukilipwa ng'ombe huko Kingi, ni wako, mfanye unavyotaka, hata umvalishe viatu. Lakini ukipewa, umefungwa. Kwanza, unamshukuru mtoaji kwa kinywaji, nacho si cha mtoaji peke yake, ni cha kilima kizima. Pili, ng'ombe wa kupewa hauzwi maadamu mtoaji yu hai na hajasema ndiyo. Tatu, ndama jike wa kwanza anarudi kwa mtoaji. Sheria hizi hazikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna wakili aliyewahi kuzishinda. Mtoaji wa Gaju alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, mwenye afya nzuri.

* * *

Jumapili Zéphyrin alikuwa mgonjwa. Jumatatu asubuhi alichukua kamba, akamfungua Gaju, akashuka naye kuelekea soko la ng'ombe la Masisi. Hakuna aliyemzuia. Laetitia hata alimfungulia lango.

Hakufika mbali kabla hajakutana na mama aliyebeba gunia la maharagi.

"Ile si Gaju ya Laetitia?"

"Sasa ni yangu, Mama. Walinipatia."

"Tulisikia! Tutakunywa siku gani?"

"Kunywa nini?"

Mama yule alicheka, akaenda zake. Mbele kidogo kijana wa pikipiki akapunguza mwendo. "Kaka! Ule muzee wangu hawezi kutembea, utamutumia kinywaji ku nyumba?" Zéphyrin akamwambia aendelee na safari. Baada yake walikuja wazee wawili, kisha mwalimu, kisha wanawake sita wa kikundi cha wimbo, na wote waliuliza siku, na kundi la wimbo liliuliza kama kutakuwa na maua.

Sokoni akamtafuta mchinjaji mkubwa, mtu mnene aitwaye Damien, akamsogelea kwa tabasamu.

"Bwana, niko na mutamba muzuri. Angalia mugongo."

Damien aliuangalia mgongo, akaangalia masikio, akamwangalia Zéphyrin.

"Ni muzuri. Ni wa kupewa."

"Nani alikuambia?"

"Miye nilikuwa pale. Nilikunywa tatu. Nilikupigia makofi."

"Basi unajua ni yangu."

"Ni yako kabisa," akasema Damien. "Hauwezi kuuza tu. Uko na neno ya Laetitia?"

"Na kama nauza bila neno?"

"Utauzia nani? Hapa tuko bachinjaji bane. Bane bote tulikunywa." Akampiga bega kwa upole. "Umepata bahati, kaka. Batu ba Kingi hawapatiake muntu ng'ombe hivi hivi. Kata majani, umulishe vizuri. Nyuma ya myaka mbili atazaa, utamupelekea Laetitia ndama. Ya pili itakuwa yako. Kama ni jike."

Zéphyrin aliinua macho akaitazama milima, mmoja nyuma ya mwingine, yote imejaa majani ya kukatwa.

* * *

Alirudi Kingi saa sita mchana, Gaju mbele, yeye nyuma. Laetitia alikuwa anageuza jibini mezani. Tate alikuwa juani, juu ya kiti kidogo. Sebahire alikuwa ameketi pembeni, akinyoosha vidole sita, kisha akikunja kimoja.

"Dada," akasema Zéphyrin, "ile kinywaji ya kushukuru, inatosha jagi ngapi?"

"Kilima yote ni nyumba mia mbili na kitu."

"Na nikikosa?"

"Utakaa naye hapa mupaka upate. Miye sina haraka. Papa atakuonyesha fasi ya kukata majani."

"Basi muchukue ng'ombe yenu. Nairudisha."

Laetitia aliacha kugeuza jibini. Uso wake ulibadilika, ukawa wa huzuni na woga kidogo.

"Kurudisha zawadi?" akasema kwa sauti ndogo. "Kaka, hivyo ni matusi. Batu balishaka kupigana juu ya ile." Akamtazama bibi yake. "Lakini iko desturi, si njo, Tate?"

Tate aliinamisha kichwa polepole sana.

"Ng'ombe ya zawadi hairudishwake na mugongo mutupu," akaendelea Laetitia. "Vintu vyote muntu alitumikisha mu ile sherehe, anaviweka juu ya mugongo ya ng'ombe. Njo vinaondoa matusi. Kama hapana, nitapaswa kuita bazee."

Zéphyrin alikuwa ameshakutana na wazee wa mahali pengi, na hakuna alipowaacha kwa furaha. Alifungua mfuko. Juu ya kitambaa kilichotandazwa mgongoni mwa Gaju aliweka majagi manane ya kioo, moja moja, yamefungwa kwa majani ya migomba. Akaweka kijiko kirefu cha kukorogea. Akaweka kichujio. Akaweka chupa ndogo ya maji ya maua ya Ulaya.

"Na vin," akasema Laetitia.

"Vin ilikwisha."

"Ile ine ya mu mufuko."

Akazitoa zile chupa nne, akazipanga. Halafu akavua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya vyote. Gaju alisimama kimya, kama ng'ombe anayejua thamani yake.

"Viatu nilivaa pia ku sherehe," akasema Zéphyrin, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza.

Laetitia alimtazama Tate. Tate alivitazama viatu kwa muda mrefu.

"Viatu abaki navyo," akaamua. "Barabara iko mubaya."

Alishuka mlima kwa miguu, kichwa juu. Ilisemekana baadaye kwamba mzee mmoja alimwona akisimama njiani, akigeuka kuitazama Kingi, akifikiri kidogo, akitikisa kichwa, kisha akiendelea.

Juma lililofuata Laetitia alipelekwa kwa mumewe Bweremana, akiwa na Gaju, majagi manane, chupa nne na ujuzi aliousoma bila kulipia ada. Huko sasa hakuna kupokea wageni wa heshima wakati wa kiangazi bila kutuma mtu kwake: jibini kwanza, kisha sangria, yenye waridi juu na isiyo na kanyanga hata tone. Papa Byamungu huomba apunguziwe bei. Hapunguziwi.

Lakini siku ile, Zéphyrin alipokwisha kupotea nyuma ya kilima, Sebahire aliacha vidole vyake akamgeukia mama yake.

"Mama, nimezaliwa hapa, nimekomaa hapa. Ile desturi ya kurudisha ng'ombe na vintu juu ya mugongo, mbona sijaisikia?"

"Hata miye," akasema Tate. "Nimeisikia leo, mu kinywa cha Laetitia."

Alifumba macho kwa sababu ya jua.

"Lakini ni desturi muzuri," akasema.

Mwaka huu peke yake, pale Kingi, imekwisha kufuatwa mara mbili.